Benchi Jekundu la Tata Tshiamala

Jana madereva wawili walisimama mbele ya lango langu wakabishana mpaka kuku wangu wakakimbia. Mmoja alikuwa amesimamishwa na polisi kwenye njia ya Lubumbashi kwa kuzidisha mwendo. Aliapa kwamba alizidisha kidogo tu, kilomita mbili au tatu, na kwamba hakuna nchi inayomtoza mtu faini kwa kilomita mbili. Mwenzake akasema sheria haina kidogo. Niliwaacha wachoke. Mimi Mado nimezeeka, na hasira zangu sizimalizi tena kwa watu wa barabarani, lakini maneno yao yalinikosesha utulivu mchana kutwa. Nilimjua mtu mmoja tu aliyekuwa na jibu la swali lile, na nusura jibu lake limuue.

Jina lake lilikuwa Tshiamala. Hakuwa polisi; alikuwa mlinzi wa kampuni ya madini, kama vile mume wangu Mwenze alivyokuwa dereva wa lori la kampuni hiyohiyo. Barabara ya kutoka kambi yetu ya wafanyakazi kwenda Kolwezi mjini ilikuwa inakatana na reli ya Tenke. Kabla ya reli kampuni iliweka barieri: mti mrefu wa kushusha na kuinua, kibanda cha mabati, na kibao cha mwendo kilichoandikwa arobaini. Nguzo mbili nyeupe zilisimama kando ya barabara. Ukipita ya kwanza mlinzi alibonyeza saa yake ya kupimia, krono tuliyoiita, ukipita ya pili akabonyeza tena, na mwendo wako akawa nao mkononi.

Aliyezidisha sana jina lake lilikwenda ofisini, akakatwa mshahara. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kwa aliyezidisha kidogo, na hapo ndipo walinzi waliomtangulia Tshiamala walipokuwa wakila. Kipande cha sabuni, pakiti ya sigara, kuku mmoja wa sikukuu, na kilomita zako zinasahauliwa. Tshiamala alipopewa barieri ile aliona haya hadi akakosa usingizi. Mkewe ndiye aliyeniambia. Tshiamala akachukua mbao ngumu za reli zilizotupwa, akaunda benchi, akalipaka rangi nyekundu, akaliweka juani mbele ya kibanda. Tangu siku hiyo, aliyezidisha kidogo hakutoa kitu. Alizima injini, akashuka, akaketi kwenye benchi mpaka magari matatu mengine yapite kwa mwendo halali. Na gari lililo kwenye adhabu, amande tuliyoiita, hakuna mlinzi aliyeruhusiwa kugusa mzigo wake, hata ndizi moja.

Siku za kazi magari matatu yalipita upesi, lakini aibu ilitosha. Mabasi ya wafanyakazi yalipita yakizomea. Madereva walimsihi Tshiamala ahesabu baiskeli, akakataa. Walimsihi ahesabu treni, maana treni zilipita pale mara nyingi, zikienda polepole. Akakataa hilo pia.

"Treni hapana," alisema. "Treni haichaguake njia. Muntu mwenye anaweza kukosa na hakukosa, njo yeye tunahesabu."

Alimketisha mhandisi mzungu, uso mwekundu kama benchi lenyewe. Alimketisha dereva wa arusi ya Tshilombo, binti wa dada yake mwenyewe, na bibi arusi akakaa garini na shela lake, kanisa zima linasubiri, huku shangazi zake wakimtukana mlinzi kwa Kiluba cha Kasai. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi magari yalikuwa haba. Padri alitia chumvi akasema aliota mvi siku hiyo. Mke wa Tshiamala, Mama Tshibola, alifanya alichofanya kila mara: alitoka na ndoo ya munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, akamnywesha dereva kwenye benchi bila kusema neno. Mume aliadhibu, mke alinywesha.

Nami nilimchukia, sifichi. Mwenze wangu alikuwa na mguu mzito, na chakula chake kilipoa jikoni mara nisizoweza kuhesabu. Tatizo ni kwamba Tshiamala na mimi tulisimama pamoja kanisani. Mungu alinipa sauti ya mwanamume. Nikizungumza gizani watu hunijibu "ndiyo, tata", yaani baba, na kiongozi wa kwaya alinitoa kwa wanawake akaniweka mstari wa nyuma na wanaume wa sauti nzito, ubavuni mwa Tshiamala. Tulifanana sauti hata mke wake alituchanganya. Siku moja baada ya misa nilimkamata mkono.

"Tata Tshiamala, kilomita mbili ni kintu gani? Mbili tu! Huwezi kuachilia muntu?"

Alitazama kulia na kushoto kwanza. "Mama Mado, mi niko Mukasai. Nikiachilia mbili, nitaachilia nani wa kwanza? Batasema naachilia bandugu yangu. Basi siachilie hata moja. Sheria njo inanilinda."

Baba yake aliletwa kutoka Kasai zamani za Wabelgiji kuchimba shaba. Yeye alizaliwa hapahapa, kitovu chake kimezikwa Kolwezi, na Kasai hajawahi kuiona hata kwa picha. Lakini aliishi kama mgeni anayechunga miguu yake asichafue zulia la wenyewe. Aliamini kwamba akinyooka vya kutosha hakuna atakayemgusa. Nikikumbuka imani ile natamani kulia, na natamani pia kumpiga kofi.

Kisha kila kitu kikaanguka. Mgodi mkubwa uliporomoka chini ya ardhi, mitambo ikasimama mmoja baada ya mwingine, mishahara ikaacha kuja, mabasi yakalala kwenye gereji bila matairi. Njaa ilipoingia, wakubwa wakatafuta wa kumlaumu, na mwaka wa tisini na tatu midomo yote ilikuwa na neno moja: Wakasai warudi kwao. Vijana tuliowajua kwa majina, tuliowafuta kamasi, walipita nyumba kwa nyumba na fimbo wakiwaita majirani zetu bilulu, wadudu. Kuondoka waliruhusiwa, tena kwa kusukumwa. Kuondoka na kitu, au na mwili mzima, hilo lilitegemea nani amekukuta njiani. Mukendi, mwalimu aliyewafundisha wanangu kusoma, alikutwa barabarani akisukuma mkokoteni wa vitu vyake. Tulimzika.

Tshiamala alinyang'anywa krono yake asubuhi moja. Krono hiyo akapewa Nkulu, mkazi wa mtaa wa Kapata, msaidizi wake wa miaka mingi, mmoja wa watu wetu wa Katanga ya kaskazini. Na vijana waliweka kambi pale barieri, kwa sababu kila Mkasai wa kambi yetu alipaswa kupita hapo ili afike stesheni. Walikuwa wanamsubiri mmoja hasa. Baadhi ya madereva waliowahi kuketi kwenye benchi walikuwa wamewatia maneno: siku Tshiamala atakapopita, atakaa yeye, na hatanyanyuka.

Basi alijifungia ndani na mkewe. Treni zilikuja kwa bahati nasibu. Watu walilala stesheni kwa majuma, watoto wakiugua kuhara. Siku ilipovuma habari kwamba treni imefika kweli na itaondoka alasiri, Mwenze aliamka kitandani akavaa viatu.

"Mi ntamupeleka," alisema.

"Wewe? Mwenye alikukalisha kwenye benchi mpaka matako ikabadilika rangi?"

"Alinikalisha sawa na bengine bote," akajibu. Kwa Mwenze hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Lori lilikuwa bado mikononi mwake; kila aliyekuwa na gurudumu siku zile alibeba mkaa. Tulipanga magunia ya mkaa pande zote na kuacha shimo katikati. Tshiamala na Mama Tshibola wakaketi humo, tukafunika kwa magunia mengine na turubai. Kabla ya kuingia, Tshiamala alimwagiza Mwenze mara tatu: pale barieri pita na arobaini. Ukikimbia watasema unakimbiza kitu, ukitambaa watasema unaficha kitu. Arobaini. Mwenze aliitikia, lakini kadrani ya kuonyesha mwendo ya lori lile ilikuwa imekufa kabla ya kampuni yenyewe.

Mimi nilikaa mbele na Mwenze, maana lori lenye mwanamke halitiliwi shaka sana. Nilifunga kitambaa, nikafungua, nikafunga. Mwenze alitoka jasho. Tulipoiona nguzo ya kwanza alikanyaga kidogo, akaachia, akakanyaga. Tukapita ya pili. Mti wa barieri ukashuka mbele yetu.

"Arobaini na mbili!" Nkulu alipaza sauti. "Shuka!"

Vijana wawili waliokuwa kivulini kwenye kibanda walilipuka kwa kicheko. "Benchi imepata muntu! Kalisha yeye!" Siku zote zile hawakuwa wamepata mchezo mzuri kama huo. Mwenze alishuka, miguu mizito, akaketi kwenye benchi jekundu. Nkulu akalizunguka lori kama kanuni ilivyotaka. Nilimfuata kwa kioo cha pembeni. Alipofika nyuma alisimama. Kati ya magunia mawili ilikuwa imetokeza ncha ya kikwembe, njano, yenye maua, na hakuna mwanamke mwingine wa kambi yetu aliyevaa ile isipokuwa Mama Tshibola. Nkulu aliitazama. Kisha kwa kidole kimoja akaisukuma ndani, taratibu, akarudi kwenye kibanda na uso usio na kitu.

Alikuwa amejua. Lakini kosa alikuwa amekwisha kulitangaza, vijana wanasikia, na Nkulu aliyejulikana kwa ukali aliofundishwa na Tshiamala angewezaje ghafla kusamehe? Ikabidi tusubiri magari matatu kwenye barabara ambayo magari yalikuwa yamekufa.

La kwanza lilikuwa jipi la masista. Lilipita na thelathini na kitu. Moja.

Halafu hakuna. Jua lilikuwa juu ya bati la lori. Nilijiuliza watu wanapumuaje humo ndani, kati ya vumbi la mkaa. Nilishuka, nikapanda, nikashuka. Kutoka mjini tulisikia honi ya treni na nikauma kidole changu. Baiskeli yenye madebe mawili ya mafuta ya mawese ikapita.

"Hii je?" nikauliza.

"Velo si motokari, mama," kijana mmoja akasema kwa furaha. Kitambaa chekundu kilikuwa kimefungwa kichwani mwake, na ndiye aliyekuwa mkubwa wao.

Kisha ikaja pikapu imejaa wenzao, wakiimba na kupunga fimbo, ikipaa. Nkulu hata hakuinua krono. Aliinua mti haraka, wakapita, vumbi likatufunika. Hapo hasira ilinipanda kichwani.

"Na bale?" nikapiga kelele. "Bwana yangu amepitisha mbili munamuanika mu jua kama samaki ya kapenta, na bale benye banaruka kama risasi munabafungulia barieri? Iyi ni sheria ya wapi?"

Nkulu alitazama viatu vyake.

La pili lilikuwa gari la hospitali, likienda pole kwa sababu ya gurudumu bovu. Mbili. Na baada yake barabara ikawa tupu kabisa. Treni ikalia honi tena. Yule wa kitambaa chekundu alichoka na mchezo, akanyoosha mgongo, akaja upande wa nyuma ya lori.

"Tuko na njaa ya chai. Tukamate mufuko moja ya makala."

Alishika gunia la mkaa la nyuma kabisa, lile lililofunga shimo. Mwenze alinyanyuka kwenye benchi. Nkulu alikuwa ametangulia.

"Wacha. Motokari iko mu amande. Motokari ya amande, bitu yake hakuna wa kugusa."

"Sheria ya nani?"

"Ya barieri hii. Hata mukubwa wa kampuni hakuiguse."

Alisimama kati ya kijana na gunia, mikono mgongoni, kama Tshiamala alivyokuwa akisimama. Nilidhani atapigwa. Kijana alimpima kwa macho, akatema mate, akaliachia gunia. Nkulu akageuka kwa Mwenze, akasema kwa sauti ya kawaida, ya mtu aliyechoka na kazi yake: "Basi, tatu zimepita. Panda, muende."

Mwenze alikuwa tayari amepiga hatua. Na hapo, kutoka katikati ya magunia, sauti nzito, tulivu, ikasema:

"Ni mbili, Nkulu."

Mungu wangu. Miaka yote tangu siku ile nimejaribu kuelewa. Joto lilikuwa limemlevya, amekaa gizani na kazi moja tu, kusikiliza matairi na kuhesabu kama alivyohesabu maisha yake yote. Mtu akataja hesabu ya uongo, mdomo ukafunguka wenyewe. Ni Tshiamala peke yake duniani ambaye angeweza kufanya upumbavu ule.

"Nani anasema?" kijana wa kitambaa akauliza. Mwenzake akaokota fimbo yake.

"Ni mi!" nikasema. Nilikuwa kwenye ngazi ya kabini, mgongo wangu kwenye magunia. Nilishusha sauti chini kabisa, mahali pale mimi na Tshiamala tulipokuwa tukiimba pamoja siku za Pasaka. "Ni mbili, Nkulu! Masista moja, hospitali mbili. Ya tatu iko wapi? Unamuachilia juu ya nini?"

Wote wakanikodolea macho. Mwenze naye, masikini, alinikodolea macho.

"Ukae!" nikamgeukia. "Uko na haraka ya kuenda wapi? Kila siku vitesi, kila siku mbio, chakula inapola kwa nyumba! Leo utakaa mpaka ya tatu ifike, hata kesho! Na weye, Nkulu, kama haujue kuhesabu rudisha iyo krono!"

Nilimtukana mume wangu, ukoo wake, mguu wake wa kulia. Sikuthubutu kunyamaza, maana nikinyamaza wangesikia kimya cha yule mwingine. Kijana wa kitambaa alianza kucheka. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Sauti gani iyi! Mama anafunga bwana yake mwenyewe! Nkulu, toa hawa bantu hapa, huyu atatuulia masikio mpaka mangaribi."

"Lakini ni mbili," nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimeingia na sikujua pa kutokea.

"Mama, enda!"

Nkulu akainua mti.

Stesheni ilikuwa imejaa watu na mafurushi na vilio. Tulifungua magunia nyuma ya ghala, na wale wawili wakatoka weusi, macho tu yanaonekana. Mama Tshibola alinikumbatia. Tshiamala nilimshika kola ya shati.

"Uko na wazimu, tata? Juu ya nini ulisema?"

Alilia. Sikuwahi kumwona akilia. "Nkulu alidanganya, mama. Mi sikumufundisha vile." Kisha akamtazama Mwenze. "Na ile motokari moja yenye ilibakia?"

"Panda treni, tata," Mwenze alimwambia. "Panda."

Tuliwasukuma hadi kwenye behewa la wazi la kubebea madini, kwa sababu mengine yalikuwa yamejaa. Sikumuaga vizuri. Nilikuwa bado namgombeza walipomvuta juu, na hilo hata leo hunichoma.

Tuliporudi, vijana walikuwa wamekwenda kutafuta chai yao. Barieri ilikuwa wazi. Mwenze angeweza kupita tu. Badala yake alizima injini, akashuka, akaketi kwenye benchi jekundu. Nkulu alitoka kibandani akamwangalia, akaketi kando yake. Nami nikaketi. Tulikuwa tunasubiri gari la tatu, na hakuna gari lililokuja.

Iliyokuja ni treni. Ilitokea mjini polepole, ikivuta mabehewa yasiyo na mwisho, watu wamekaa juu ya mabehewa, kwenye ngazi, kati ya minyororo, watu wa Kolwezi wanaopelekwa kwao wasikokujua. Nilisimama kumtafuta. Hakuwa mgumu kumwona. Alikuwa mweusi kuliko wote, ameshika ukingo wa behewa, na shingo ameigeuza kuelekea barieri yake.

Alituona. Aliliona lori limezimwa, akamwona Mwenze kwenye benchi. Kisha mtu yule aliyekataa kuhesabu treni akainua mkono juu ya vichwa vya watu na kunyoosha vidole vitatu. Hakuushusha mpaka behewa lilipopita kona.

Nkulu alibonyeza krono. "Tatu," akasema.

Mwenze aliinuka, akapangusa suruali, akaenda kuwasha lori.